Nani Anakohoa Nyuma ya Pazia

Jumatano 9 Januari 1974
Murugi amekufa. Leo saa kumi alfajiri, hospitali. Mapafu. Tumekaa na yeye miaka ishirini na sita.

Kitabu hii nilipewa na karani wa faktori ya kahawa, kurasa nyingi zilikuwa zimebaki. Kuandika nilijifunza kizuizini wakati wa Emergency, wazungu walipotufunga. Tulifundishwa kwa Kiswahili, basi naandika hivyo.

Alhamisi 10
Mama wa kanisa walimvalisha. Nilishika mkono yake. Vidole vya kushoto, vinne, ncha ni ngumu kama ngozi ya kiatu. Vya kulia ni laini. Mtu akichuma kahawa anachuma na mikono yote. Sijui hii ni nini.

Ijumaa 11
Tumezika. Udongo ni kavu, jembe inaruka. Mtu mmoja wa kofia ya Kiislamu alisimama kando ya ua. Simjui. Alirusha udongo mkono moja, akaenda bila kula. Watu wote walikula.

Jumapili 13
Kijana yetu Kingori amerudi Wang'uru. Mchele haingoji. Mke yake Ngendo amebaki hapa kwangu, tumbo ni kubwa.

Jumanne 15
Watiri wa shamba ya chini amekuja kunipa pole mara ya tatu. Pole ya tatu iko na kitu ndani. Nikamwachia aongee. Akaongea mvua, akaongea kuku, halafu akasema yule mtu wa kofia anaitwa Yakubu, anatengeneza redio Majengo, ule mtaa ya Waislamu mjini. Akasema Murugi alikuwa anaingia kwa nyumba yake kila Jumanne na Ijumaa, mchana, akimaliza kuuza mboga. Nilimuuliza tangu lini. Akasema yeye si mtu wa kuhesabu siku za wengine. Halafu akasema miaka miwili.

Jumatano 16
Sikulala. Sikula.

Jumamosi 19
Faktori imefungwa mpaka Aprili. Sina kazi ya kunichokesha. Nimechimba choo mpya na hakuna mtu alikuwa anataka choo.

Jumatatu 28
Ngendo ameniuliza, ati kama mtoto ni msichana tutafanya sherehe ndogo ama kubwa, juu ya jina. Kwetu msichana wa kwanza wa kijana anaitwa nyanya yake, mama ya baba. Hakuna mtu anachagua. Jina inakuja yenyewe. Mtoto akiwa msichana ni Murugi.

Nilimwambia tungoje. Aliniangalia kama nimetukana.

Lakini kama Murugi alikuwa wa Yakubu Jumanne na Ijumaa, mimi sitaita hiyo jina kwa nyumba yangu kila siku mpaka nife. Lazima nijue kwanza.

Ijumaa 1 Februari
Nimeenda Majengo. Nyumba ya Yakubu iko nyuma ya msikiti, mabati mekundu. Chumba ya mbele imejaa redio zimefunguliwa tumbo. Katikati ya nyumba kuna pazia ya maua. Kwa ukuta gitaa imening'inia.

Sikupanga kusema nini. Nikaona gitaa nikasema nataka kujifunza gitaa. Mzee kama mimi. Akaniuliza jina. Sikusema Nderitu. Nikasema Moffat, kwa sababu Moffat ni mtu ya hapa kwetu Gatitu na hana shida na mtu.

Yakubu ni mwembamba, miwani imefungwa na waya. Alinitazama sana. Halafu akasema, "Karibu, Bwana Moffat. Njoo Jumanne na Ijumaa."

Hiyo siku zenyewe.

Jumanne 5
Alinipa gitaa ya mbao, ya zamani, imefungwa penseli shingoni na mpira ya tubu ya baisikeli. Ati inapandisha sauti. Waya moja ni ya breki ya baisikeli. Alinionyesha kushika C, ile sauti wanaanza nayo. Vidole vitatu, kila kimoja mahali yake. Vidole yangu ni ya kusukuma reki kwa maji ya kahawa, vinaenda pamoja kama ng'ombe. Sauti ilitoka kama mtu anakanyaga kuku.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Yakubu akasema, "Kidole cha pili kiko chini sana."

Ijumaa 8
C tena. Kikohozi tena. Kila mara nikikosa kuna kikohozi, halafu Yakubu ananirekebisha. Nikipata, kimya. Nilimuuliza ni nani. Akasema ni mke wake, Mwanabibi, ameshikwa na kifua.

Kizuizini kulikuwa na mtu amefunikwa gunia, macho tu. Unapita mbele yake. Akitingisha kichwa umekwisha. Sikupata kujua ni nani alinitingishia. Tangu hapo sipendi mtu nyuma ya nguo.

Jumanne 12
Ncha za vidole zina malengelenge. Ngendo aliona nikishika kikombe na kiganja. Nilimwambia ni jembe. Jembe inauma mkono yote, yeye ni mtoto ya mkulima, anajua.

Ijumaa 15
G ni rahisi. F ni ya shetani.

Jumanne 19
Namfikiria huyo Mwanabibi. Nadhani anajua yote. Nadhani alikaa nyuma ya pazia akisikia mume yake na mke yangu, akakohoa ili wajue yuko. Mimi na yeye tumeibiwa na mtu mmoja. Nikipata nafasi nitamuuliza yeye, sitamuuliza Yakubu.

Jumatano 20
Mtoto amezaliwa saa nne. Msichana. Ngendo ni mzima. Warigia mkunga alipiga vigelegele mara tano, akaniita nje akasema, "Baba Kingori, Murugi amerudi."

Nilisema jina ingoje.

Aligeuka akaenda kunawa.

Jumamosi 23
Kingori amekuja kutoka Wang'uru na gunia ya mchele. Alimbeba mtoto. Aliniuliza mbele ya Ngendo kwa nini mtoto hana jina. Nikamwambia mimi ndio mzee wa hapa. Akasema anajua mimi ni mzee wa hapa, hakuuliza hiyo.

Amerudi bila kuniaga.

Jumanne 26
Yakubu alileta amplifaya. Ni sanduku ya chai, ndani kuna valvu za redio na spika, imefungwa kwa betri ya lori. Gitaa imewekwa kitu kama sikio kwa shimo. Nilipiga C nikaruka. Sauti ilijaza nyumba kama nyuki wamekasirika. Yakubu alicheka mpaka akavua miwani. Na nyuma ya pazia kulikuwa na kicheko, kidogo, imezibwa na mkono.

Mwanamke amenyang'anywa mume hacheki hivyo. Sijui tena.

Ijumaa 1 Machi
Vidole havina uchungu tena. Nilivigusa nikiwa njiani karibu na daraja. Ncha ni ngumu. Vinne. Vya kushoto.

Nilikaa kwa mawe.

Murugi alikuwa anapiga gitaa. Hakuenda pale kukaa tu. Alikaa na hiyo mtu masaa mengi mpaka vidole vikawa kiatu, akarudi nyumbani akanipikia na hizo vidole. Sasa ni mbaya zaidi. Mtu anaweza kupotea siku moja. Hii ilikuwa miaka miwili, na mtu anamshika kidole anakipeleka mahali yake.

Jumapili 3
Kanisani wamemuuliza Ngendo jina ya mtoto. Alisema muulize mzee. Hawakuuliza.

Jumanne 5
Nilifika mapema. Kabla ya kubisha nikasikia gitaa ndani. Sio mtu anajifunza. Kidole gumba inatembea, ile nyingine inacheza juu yake. Na wimbo naijua. Haina maneno, lakini Murugi alikuwa anaiimba kwa pua akichambua mboga. Nikimuuliza ni wimbo gani anasema si wimbo.

Nikasema sasa nimekushika, Yakubu.

Mkono ukanigusa bega. Ilikuwa Yakubu, amebeba betri, anatoka barabarani. Ndani gitaa ikanyamaza.

Nikamuuliza nani anapiga. Akasema, "Redio."

Redio haisikii mlango.

Alhamisi 7
Nimeuliza watu watatu kama wameisikia hiyo wimbo kwa redio. Nikawaimbia. Hakuna. Kwa hivyo Yakubu ni mwongo, na kuna mtu wa pili kwa hiyo nyumba anajua wimbo ya mke yangu.

Jumanne 12
Sikuenda. Nilikaa kwa banda na gitaa, Yakubu aliniruhusu kuibeba. Natafuta hiyo wimbo. Inaanza C, inaenda G. Baadaye inageuka mahali na sijui inageukia wapi.

Ijumaa 15
Mvua ya kwanza. Paa inavuja upande wa kitanda ya Murugi. Sikuziba.

Jumanne 19
Watiri amesema kijiji inasema mtoto wa wiki nne bila jina ni aibu. Nikamuuliza nani alianza hiyo maneno ya Yakubu. Akasema yeye hakuanza maneno yoyote. "Mimi nilisema aliingia. Wewe ndio umesema alifanya nini."

Sijasema kwa mtu. Lakini kukataa jina ni kusema, hiyo naielewa. Kila siku nikingoja ninamsema Murugi kwa kijiji yote na yeye hawezi kujibu.

Basi ni Ijumaa. Kama ni kweli, mtoto ataitwa jina ya mama ya Ngendo na watu waseme. Kama si kweli, ataitwa vile anafaa kuitwa. Siwezi kupita hapo.

Ijumaa 22 Machi
Naandika yote.

Nilibeba panga kwa gunia. Mvua ilikuwa inanyesha, kila mtu na gunia yake, hakuna mtu aliniangalia. Nilifika wakitoka msikitini. Yakubu akaniwekea kiti. Panga nikaiweka chini ya kiti.

Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimepanga: nitapiga wimbo ya Murugi, nimtazame uso. Uso hauwezi kusema ni redio.

Nikaanza. C. G. Nilikuwa natazama Yakubu, sikutazama vidole. Yakubu akaacha kushika waya zake. Miwani yake ikawa na maji. Nikasema moyoni, huyu analia mke yangu, na mkono yangu ya kulia ikataka kushuka chini ya kiti. Nikafika pale inageuka, sikujua, nikashika tu mahali.

Kikohozi.

Nikarudia. Nikakosa tena. Na sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma ya pazia, polepole, kama mtu anamfundisha mtoto kufunga kamba:

"Sivyo, Baba Kingori. Hapo yeye alikuwa anashika F, na hakuiachilia mapema."

Mimi ni Moffat kwa hiyo nyumba. Hakuna mtu anajua Kingori.

Nikamuuliza Yakubu ni nani amesema. Akasema, "Mwalimu." Akapangusa miwani. "Bwana Nderitu, mimi najua kuchomelea waya. Gitaa siijui. Nyimbo ninazojua ni mbili na zote unanizidi sasa. Tangu ulipokuja anayekufundisha ni yeye. Mimi nilikuwa mdomo tu."

Nikasimama. Mguu ukavuta gunia, panga ikatoka ikalia kwa sakafu. Wote tukaitazama. Yakubu akaiokota, akaiegemeza kwa mlango pamoja na mwavuli wa wateja, akarudi akakaa.

Nikasema na hiyo pazia. Sijawahi kusema na nguo. Nikauliza mke yangu alikuwa anafanya nini hapa.

Mwanabibi akanieleza na hakutoka nje. Yeye amezaliwa Majengo hiyo hiyo. Baba yake alikuwa mpishi wa mzungu, alitoka pwani na gitaa, akamfundisha mtoto wake msichana kwa sababu hakupata kijana. Mwanabibi hapigi mbele ya wanaume. Kila Jumanne na Ijumaa Yakubu alikuwa anatolewa nje, anatengeneza redio barazani ama anaenda kutafuta betri, na Murugi alikuwa anapita pazia. Nyuma kule. Wanawake wawili na chai.

Watiri alimwona akiingia kwa mlango ya Yakubu. Mimi nikahesabu mlango nikahesabu Yakubu. Mwanamke mwenye nyumba sikumhesabu. Nimekaa mbele ya kikohozi yake wiki saba, sikumhesabu.

Nikauliza walijuana vipi. Yakubu ndio alisema: Murugi alileta redio imevunjika.

Hiyo naijua. Miaka mitatu iliyopita mtangazaji alisoma salamu za wasikilizaji, akasema salamu kwa Murugi wa Gatitu kutoka kwa mtu fulani wa Kerugoya. Nilibeba redio nikaipiga kwa jiwe ya kunolea panga. Murugi alisema Murugi ni wengi Gatitu. Nilimpiga pia. Kingori tulimwambia redio ilianguka. Siku ya pili redio haikuwako, nikafikiri ametupa.

Yakubu akasema haikupona. Valvu mbili tu. Ziko kwa hiyo amplifaya.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Swali mbaya. Mwanabibi akasema, "Aliniapisha. Alisema, akijua ataivunja. Mama mzima wa kanisa, gitaa ya baa. Hiyo unayoishika ni yake, Baba Kingori. Aliuza kuku wake. Ulipokuja na jina la mwenzio, mume wangu alitaka kukufukuza. Moffat ni mteja wetu, tunamjua. Nikamwambia mwache ajifunze, mtu hawezi kusikiliza mpaka vidole vimuume."

Nikasema aimbe. Akasema maneno ni ya Kikuyu na ni ya Murugi, hakuyatunga yeye, nisimkasirikie. Nikasema aimbe.

Nimeandika vile nakumbuka, kwa Kiswahili haina utamu yake.

*Nikitoka sokoni ananusa leso yangu*
*kabla ya kuniuliza kama nimekula.*
*Nikicheka peke yangu anachungulia dirishani*
*atafute nani amenichekesha.*

Na ya pili:

*Lakini mvua ikianza yeye ndio anapanda juu,*
*anaziba kwanza upande wangu.*
*Kwake kunadondoka mpaka asubuhi.*
*Mtu huyu nitamwambia nini?*

Nikauliza iliyobaki. Akasema haijatungwa. Murugi alisema ataimaliza kahawa ikiisha.

Nilisahau panga. Yakubu alinikimbilia nayo kwa mvua, ameifunga vizuri.

Jumamosi 23
Nimepanda nikaziba paa.

Jumapili 24
Nimepeleka ujumbe Wang'uru na dereva wa lori ya mchele. Kingori aje.

Ijumaa 29
Kingori amefika. Nilimwita na Ngendo, mtoto akiwa kwa mgongo. Niliwaambia kila kitu. Nilianza na redio, kwa sababu nikianza na Yakubu ningesimama kama mtu amekosewa.

Kingori akasema, "Mama alituambia ilianguka." Nikasema mimi pia nilisema hivyo. Akaenda nje akapasua kuni. Kuni zilikuwa nyingi tayari. Akapasua mpaka Ngendo akaenda kumwambia inatosha.

Aliporudi nikasema mtoto anaitwa Murugi, na sherehe iwe kubwa. Ngendo akasema mtoto amekuwa Murugi tangu siku ya kwanza. Alikuwa anamwita hivyo nikiwa Majengo. Warigia pia. Watiri pia. Ni mimi tu sikuwa nimeambiwa.

Sikukasirika. Nilitaka, sikuweza.

Jumanne 2 Aprili
Majengo. Nimerudi kama Nderitu. Nilipeleka ndizi. Nimejaribu kutunga ile beti ya tatu. Nilieleza vile mtu ametoka kizuizini anakuwa, vile huwezi kujua nani alikuuza. Maneno mengi. Nikaimba mbele ya pazia.

Mwanabibi akasema, "Hayo ni ya chifu, uende ukajitetee. Huo si wimbo."

Jumapili 7
Sherehe ya jina. Warigia alipiga vigelegele zake tano tena, akasema zile za kwanza ziliharibika. Mama wa kanisa walikuja. Mmoja akauliza ile kitu kwa ukuta ni ya nani. Ngendo akanitazama. Nilisema, "Ni gitaa ya Murugi. Alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote hapa."

Mmoja mzee sana akasema alidhani hivyo, vidole wakati wa kumvalisha. Hakusema kitu hiyo siku, ati si kazi yake. Watiri akachukua chai ingine.

Ijumaa 12
F imekubali. Mara nne kwa tano.

Jumanne 16
Nimefuta yote nikabaki na mstari moja. Nikaimba pale mwisho, na ile F haijaachiliwa.

*Murugi, umekula?*

Nilingoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Hakuna kikohozi. Baadaye Mwanabibi akasema nirudie, lakini polepole, na Yakubu akaenda barazani bila kutolewa.

Jumapili 21
Karani amepita, kahawa ya kwanza imeiva juu kule, mashine imetiwa mafuta. Mtoto analala. Kingori amerudi Wang'uru, ameniaga kwa mkono. Hakuongea sana. Nitangoja.

Nimemwambia Yakubu sitaweza kuja mchana, labda Jumapili. Kesho narudi kazi.